Shangazi, benki wanaiita faida, shemeji anasema ni riba iliyovalishwa kanzu

Shangazi shikamoo. Mie ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, nina watoto watatu na mume wangu ni dereva wa gari za Muheza. Nashona sare za shule, madera, na msimu wa Idd kanzu za watoto. Cherehani za kawaida ninazo mbili na overloki moja iliyochoka, mkanda wake nimeshaufunga na mpira wa tairi la baiskeli.

Shida yangu ni nembo za shule. Sina mashine ya kudarizi kwaiyo nembo natuma Dar kwa basi, kule wananidarizia moja 1,500, zinakaa wiki, mara zimerudi rangi sio, mara nusu zimesahaulika. Januari hii nimepoteza oda ya masweta 140 kwa ajili ya nembo tu, mwalimu kanambia dada nimekuvumilia sana. Nikasema bas, mwaka huu lazima ninunue mashine yangu. Ya kichwa kimoja Kariakoo wananiambia milioni 6.

Sina hiyo pesa na mie mikopo ya riba naiogopa, kwanza kwa dini, pili nimeona kwa macho yangu. Jirani yangu alichukua laki tano kwa hawa kausha damu, siku walipokuja walibeba friji na sufuria la kisamvu likiwa ndani, yule mama akawa anawakimbilia na mfuniko mkononi. Kwaiyo nikaenda benki moja yenye dirisha la Kiislamu. Afisa akanieleza vizuri tu, akasema sisi hatukopeshi pesa, sisi tunanunua mashine kwa milioni 6 tunakuuzia wewe kwa 7,080,000, unalipa miezi 24, kila mwezi 295,000, faida yetu ni asilimia 9 kwa mwaka. Nikafurahi nikampigia mume wangu hapo hapo nje ya benki.

Kufika nyumbani shemeji yangu (huyu anafundisha madrasa na hana dogo) akacheka. Akasema hiyo ni riba iliyovalishwa kanzu. Akanambia nenda benki ya kawaida uulize. Nikaenda kweli shangazi, wakanambia milioni 6 kwa miezi 24, riba asilimia 17 kwa mwaka kwa deni linalobaki, rejesho kila mwezi 296,600 na kidogo. Yani tofauti ni shilingi 1,600! Bei ya nembo moja! Nikakaa kwenye kibaraza nikajiuliza sasa hapa uharamu uko wapi na uhalali uko wapi, mbona naona ni mtu na pacha wake.

Alaf kuna jingine ambalo shemeji sijamwambia maana atapiga kelele mtaa mzima. Nilivorudi dirishani, yule afisa akanambia mama tusisumbuane na mambo ya kusafiri Dar, we lete profoma (karatasi ya bei) ya duka lolote, pesa tunakuwekea kwenye akaunti yako ukanunue mwenyewe. Akanipa makaratasi nisome nyumbani, nisaini Jumatatu yote kwa pamoja. Moja limeandikwa "nimepokea mali ikiwa katika hali nzuri". Mali yenyewe iko Kariakoo sijaiona! Na kwengine wameandika nikichelewa rejesho faini asilimia 2.

Mwisho niulize na hili, nipo kwenye kikoba cha wanawake 25, tunakopeshana kwa asilimia 10 kwa mwezi na mwisho wa mwaka tunavunja tunagawana. Wenzangu wanasema hiyo sio riba kwasababu hela inarudi kwetu wenyewe. Nikienda kwa shemeji najua jibu lake, nataka la kwako.

Fundi wa Ngamiani

* * *

Marahaba mwanangu, na pole na hayo masweta.

Nianze na ile 1,600 maana naona ndo imekunyima usingizi. Hiyo asilimia 9 ya dirisha na 17 ya wale wengine hazihesabiwi kwa namna moja. 9 inapigwa kwenye milioni 6 nzima mwaka wa kwanza, na milioni 6 nzima tena mwaka wa pili, japo mwaka wa pili we ushalipa karibu nusu. Ndo laki tano na arobaini mara mbili, milioni moja na elfu themanini. Ile 17 inakatwa kwenye kilichobaki tu, kila ukilipa inapungua. Kwaiyo ukizipeleka mpaka mwisho zinakutana mlango mmoja. Siku nyingine mtu yeyote akikwambia asilimia, awe na kanzu au na tai, mwambie weka asilimia pembeni, nipe jumla ya shilingi na rejesho la mwezi. Nimekaa kaunta ya benki miaka mingi kabla sijastaafu na nakwambia watu wanaojua kukokotoa hiki kitu ni wachache, hata upande wa ndani wa kioo.

Na kwanini zikutane? Kwasababu ziko soko moja. Dirisha likiuza ghali sana utaenda kwengine, likiuza rahisi sana wale walioweka pesa zao humo wakitegemea mgao wa faida hawapati kitu wanahamisha. Muuza mchele wa halali na muuza mchele wa wizi sokoni wanauza bei moja, kilo ni kilo. Bei kufanana haikwambii mchele umetoka wapi.

Sasa shemeji yako. Hilo neno lake sio geni hata kidogo, limo ndani ya Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 275, kuna watu waliosema biashara ni kama riba tu, na jibu likaja hapo hapo kwamba Allah amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Hakuna aliyebisha kwamba kwa macho zinafanana.

Mie mfano unaonisaidia ni ule wa tende za Bilal, umo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Bilal alimletea Mtume (SAW) tende nzuri za aina ya barni, akaulizwa umezipata wapi, akasema tulikuwa na tende duni, nikatoa pishi mbili kwa pishi moja ya hizi. Akaambiwa hiyo ndo riba yenyewe, usifanye hivo, ukitaka nzuri uza zile zako kwanza alaf kwa pesa yake nunua hizi. Sasa fikiria mwanangu, Bilal angefanya vile alivoelekezwa angerudi nyumbani na pishi ile ile moja ya tende ile ile. Kikapuni hakuna tofauti. Tofauti iko njiani. Tende duni zingepita sokoni zikapata bei yake, kila mauzo yakawa na mwenye mali wake, kila mmoja akabeba lake. Kwaiyo ukiniuliza uhalali uko wapi, mie nasema acha kuuangalia kwenye 7,080,000, uangalie njia ambayo hiyo mashine inapita mpaka ifike kwako Ngamiani.

Na hapo sasa ndo namgeukia afisa wako, maana hapo shemeji ana haki kuliko anavojua.

Hii wanayokuuzia jina lake murabaha. Inasimama kwa mauzo mawili, sio moja. La kwanza benki inanunua mashine kwa muuzaji wa Kariakoo, inakuwa ya benki, kama ni nusu saa sawa, kama ni wiki sawa, lakini inakuwa yake kwelikweli. La pili ndo benki inakuuzia wewe, inakutajia imenunua shilingi ngapi na imeongeza ngapi. Sahaba Hakim bin Hizam aliambiwa na Mtume usiuze usichokuwa nacho, na kila kitu kwenye murabaha kinaning'inia hapo. Ile 1,080,000 benki inakula kwasababu kwa muda fulani mashine ilikuwa mikononi mwake, ingeungua ingekuwa hasara yake, ingeanguka kwenye lori hasara yake, ingefika mbovu hasara yake. Ukiutoa huo muda, kinachobaki ni milioni 6 leo kwa 7,080,000 baadae. Na hiyo hata mtoto wa madrasa ya shemeji atakwambia jina lake.

Ngoja nikusimulie changu. Nilivostaafu nilitaka friza kubwa la kuuzia barafu na juisi, nikaenda kwa dirisha moja hivihivi, benki siitaji. Kijana wao akaja na mie mpaka dukani, jua kali, kavaa tai, akalipa muuzaji, risiti ikaandikwa jina la benki. Akaanza kutafuta namba ya friza nyuma kule, akalala chini kabisa kwenye vumbi, kalamu ikaishiwa wino akaiandika kwa kucha kwenye boksi. Alivonyanyuka nikamwambia mwanangu kabla hujaniuzia chomeka tuone. Likachomekwa. Taa inawaka, injini kimya. Tukangoja, tukagonga, kimya. Yule kijana akanitazama mie, nikamwambia usinitazame mie, friza ni lako, mie sijanunua kitu bado. Akarudi kwa muuzaji wakabishana mpaka adhuhuri likabadilishwa. Alaf ndo tukaenda ofisini akasema nakuuzia, nikasema nimenunua, tukasaini. Ningekuwa nimesaini asubuhi kwamba nimepokea mali katika hali nzuri, ule ugomvi ungekuwa wangu na muuzaji, na benki rejesho linaenda kama kawaida.

Kwaiyo hilo karatasi lako la "nimepokea mali" usilisaini Jumatatu. Hata ungekuwa sio Muislamu ningekwambia hivohivo.

Suala la kukupa pesa mkononi nalo lina maelezo yake. Benki inaweza kukufanya wewe wakala wake ununue kwa niaba yake, inajulikana hiyo, sababu fundi anajua mashine kuliko afisa. Ila viwango vya AAOIFI, chombo cha Bahrain kinachotunga taratibu za benki hizi, vinataka mteja asifanywe wakala ila pakiwa na haja, na pesa benki imlipe muuzaji moja kwa moja. Na hata ukiwa wakala, mpangilio haubadiliki, unasaini uwakala kwanza, mashine inanunuliwa kwa jina la benki, unawataarifu imepatikana hii hapa namba yake, wao ndo wanakuuzia, na hapo tu ndo deni linazaliwa. Makaratasi mawili ya siku mbili, au saa mbili tofauti. Afisa wako anataka yote yasainiwe kwa mpigo, pesa iingie akaunti yako, na akishaingiza hana habari kama umenunua mashine au umelipa ada. Duka lolote, profoma yoyote! Mwaka 2009 baraza la fikihi (sheria ya dini) la nchi za Kiislamu lilikaa Sharjah likakataa tawaruki ya kupangwa, ile ya benki kukuuzia bidhaa kwa deni kwenye makaratasi, alaf papo hapo inaiuza kwa niaba yako kwa mtu mwingine ili we upate pesa. Pale angalau bidhaa ilikuwepo mahali. Hii ya kwako hata bidhaa hamna.

Sisemi benki nzima ni ya ulaghai. Mara nyingi bodi ya masheikh imeandika utaratibu mzuri, umekaa makao makuu kwenye faili, huku tawini kuna kijana ana malengo ya mwezi na foleni mlangoni, anaona kwenda dukani ni kupoteza siku. Amehamishwa juzi kutoka kaunta ya mikopo ya kawaida, kabadilishiwa bango tu. Ndo maana usigombane nae, omba kuonana na msimamizi wa dirisha, mwambie nataka murabaha yangu ifuatwe kama masheikh wenu walivoidhinisha, naomba nione huo utaratibu. Neno hilo linafungua milango sana. Wakikataa, siku hizi sio kama zamani. Tanzania madirisha yapo tangu 2008, Amana Bank ya Kiislamu nzima ilifunguliwa 2011, Zanzibar benki ya PBZ wana upande wao wa Kiislamu, hata benki kubwa zimefungua zao. Tembea uulize.

Faini ya asilimia 2. Kwa rejesho la 295,000 ni 5,900 kwa mwezi, sio nyingi, ila swali sio wingi, swali ni inaingia mfuko gani. Deni la kuuziwa likishafungwa kwa 7,080,000 haliruhusiwi kukua hata shilingi, hapo ndo linapoachana kabisa na mkopo wa riba ambao ukichelewa riba inazaa riba. Faini wanaiweka ili watu wasifanye mchezo, lakini lazima iende sadaka, isiingie kwenye faida ya benki. Waulize waandike hivo kwenye mkataba. Na ukikwama kweli, sio ujanja, ugonjwa au msimu mbaya, aya ya 280 ya sura hiyohiyo inasema mdeni akiwa na shida apewe muda mpaka apate wepesi. Waulize utaratibu wao wa kusogeza tarehe ukoje.

Kuna kitu kimoja mkopo wa kawaida unaishinda murabaha na sitaki nikufiche. Ukipata oda kubwa ukalipa yote mwezi wa 12, wale wa deni linalobaki riba ya mbele inaondoka, unaokoa. Kwenye murabaha bei ni bei, kupunguziwa ni hisani ya benki, haiwekwi kama sharti. Wengi wanapunguza, ila uliza wanafanyaje kabla, sio siku ya kulipa.

Na umwambie shemeji nae asitegemee benki itoe milioni 6 irudishiwe milioni 6. Huo ni karadha, mkopo wa hisani, hutoka kwa ndugu au tajiri anaetafuta thawabu. Kama yeye hizo pesa anazo, namba yako si anayo.

Haya kikoba. Mwanangu, hela kurudi kwenu wenyewe haibadilishi kitu, maana hairudi kwa usawa. Asiyekopa mwaka mzima anakula ziada ya yule aliyekopa kumpeleka mtoto hospitali. Asilimia 10 kwa mwezi! Benki uliyoikimbia inachukua 17 kwa mwaka. Siku ya kuvunja mnapiga vigelegele mnasahau nani kalipa hizo shughuli. Ila wala usitoke, kaa nao uwashauri. Mkopo wa shida uwe bila nyongeza, kila mtu achangie daftari na kalamu sawa kwa sawa. Na faida mtafute kwenye biashara, kikoba kinunue majora ya kitambaa cha sare mwezi wa 11 bei ya jumla, kiwauzie wanachama kwa bei ya juu kidogo walipe polepole, kitambaa kikiwa kimefika na kimehesabiwa kwanza. Mtakuwa mnafanya murabaha bila afisa wala tai. Mwaka 1963 kule Mit Ghamr, Misri, benki ya akiba isiyo na riba ilianza na wanakijiji wa aina yenu, wenye visenti vidogovidogo, na hata neno Kiislamu hawakuliandika mlangoni. Wanawake 25 mkikaa vizuri hata overloki yako mpya wangeweza kuinunua wakakuuzia.

Jumatatu basi nenda, ila nenda na profoma ya duka moja unaloliamini, yenye jina la benki kama mnunuzi. Saini ahadi ya kununua peke yake, hiyo haina neno. Pesa iende dukani. Mashine ikifika, iwe Kariakoo au stendi ya Tanga, mwambie afisa aje, ichomekwe mbele yake, weka kipande cha sweta, udarizi nembo moja ya ile shule iliyokukimbia, nyuma na mbele uangalie. Uzi ukikatika mrudishie, bado ni yake. Usipokatika, mwambie sasa niuzie.

Shangazi